Ua Lililovuka Ua



Asubuhi ya Jumamosi iliyopita nilikuwa nimepiga magoti kando ya kidimbwi cha madrasa yetu, nimejifunga kikoi cha zamani, nachimbua udongo kwa vidole. Mama mmoja aliyekuwa akipita na ndoo yake kichwani akasimama, akanitazama kitambo, kisha akauliza, "Shehe, umepoteza pete?" Nikamjibu kwamba sikupoteza kitu, natafuta nilichokipanda. Akaenda zake akitikisa kichwa, nami sikumlaumu. Haikuwa rahisi kumweleza pale njiani. Nawaelezeni nyinyi hapa, kwa kuwa wengi wenu mnao mmea huo huo majumbani, na pengine baadhi yenu mliupata kwangu.

Kidimbwi chenyewe kina historia fupi. Madrasa yetu iko uani kwa nyumba yangu, baina ya Kilifi na Malindi, na kila alasiri watoto arubaini na ushei hutawadha pale. Maji ya udhu yao yalikuwa yakitiririka ovyo mpaka yakafanya tope mlangoni. Tulipochoka na tope lile tukachimba shimo upande wa mashariki, tukalielekezea mfereji, na humo tukatia visamaki, kwa mfano wa wazee wa Lamu waliokuwa wakifuga samaki katika mabirika ya nyumba zao ili wale viluwiluwi vya mbu. Urefu wake ni kama hatua kumi, na kina chake humfika mtu mzima kiunoni. Kwa mtoto wa miaka saba, hicho ni kina cha kutosha kumliza mama yake.

Na ilikaribia kuwa hivyo. Ardhi yetu ni ya mchanga, na ukingo ukawa unamomonyoka kwa kila mvua. Alasiri moja ya masika mtoto mmoja akateleza pamoja na ukingo, akazama hadi kifuani. Alitolewa mzima, alhamdulillah, tena akicheka wakati sisi wakubwa tunatetemeka. Lakini usiku ule sikulala. Kulipokucha nikaanza kuuliza watu: nipande nini kitakachoushika ukingo huu upesi? Neno hilo "upesi" ndilo lililonitia matatani, ila hayo niliyajua baadaye.

Aliyenijibu ni mtunza bustani wa hoteli moja ya ufukweni. Alinipa jibu, akanipa na mmea wenyewe: fungu la vikonyo vilivyofungwa kwa kamba, visivyokuwa na mzizi hata mmoja. "Vitupe tu kwenye udongo, shehe, vyenyewe vinajijua." Nikavitupa. Kweli vilijijua.

Msomaji, nikuelezee sura yake ili uutambue. Majani yake ni ya kijani kinachong'aa kana kwamba kimepakwa mafuta, mengi yana ncha tatu. Maua yake ni ya manjano, mfano wa alizeti ndogo isiyozidi upana wa sarafu, na hayakatiki mwaka mzima. Shina lake halisimami. Hulala chini na kutambaa, na kila penye kifundo, pale panapochipua majani, hutoka mizizi papo hapo na kushika ardhi. Hausubiri kumwagiliwa. Hauogopi chumvi wala jua, na ukingo ukifurika maji ya mvua hauozi. Kabla ya vuli kwisha ukingo wangu wote ulikuwa umetandikwa zulia la kijani lenye nakshi za manjano, na udongo haukuanguka tena hata punje.

Nilifurahi, na furaha yangu ikavuka mpaka. Wageni wakija niliwapitisha kidimbwini kabla ya kuwapitisha barazani. Kina mama wakija kuchukua watoto wao wakiusifu, mimi huyo na kisu, nawakatia. Nimejaribu kuhesabu: niligawa vikonyo kwa nyumba tisa, na kila nilipogawa nilijiona nimefanya sadaka. Mama watoto peke yake ndiye aliyenitilia shaka. Alisimama siku moja kando yangu, mikono kiunoni, akasema, "Maalim, kitu kisichokula mbolea wala kuomba maji kikakua hivi, jiulize kinakula nini." Nikacheka. Nilimwambia wivu wa maua si mzuri.

Sasa nije kwa jirani yangu. Baina ya uwanja wetu na wake pana ua wa makuti, wa kale, uliolegea chini. Yeye ni mwanamke mjane, mkubwa kwangu kwa miaka mingi, na riziki yake yote imo katika kishamba chake kidogo: mrihani, asumini, na miti miwili ya mlangilangi. Mwenye arusi katika vijiji vyetu hivi akitaka vikuba, huenda kwake. Siku za arusi nyingi, taa yake huwaka hadi usiku wa manane, anatunga. Amani iliyokuwapo baina yetu nilidhani ni ya miaka ishirini isiyo na doa. Kila Idi sahani ikienda kwake hurudi na kitu.

Darasa la vijana wakubwa tunasoma Matni ya Abu Shujaa, kitabu ambacho wengi wetu pwani hii tumekipitia. Mwaka huu tulifika mlango wa sulhu. Pale yako masuala ya ujirani yanayonipendeza sana kuyasomesha, maana ni maisha yetu hasa. Kuna suala la roshani, mtu akitaka kuitokeza juu ya njia ya watu, lini anaruhusiwa na lini hana ruhusa. (Vijana hustaajabu wanapoambiwa kwamba roshani ya Kiswahili na ile ya kitabuni ni neno moja.) Nikaendelea na yale wanayoyaongeza wenye kusherehesha vitabu vya madhehebu yetu: matawi ya mti wako yakiingia katika hewa ya jirani, ana haki ya kukutaka uyaondoe, ukikataa, yeye mwenyewe anaweza kuyapinda, na yasipopindika ayakate, bila ya kwenda kwa kadhi. Na mizizi ikipita chini kwa chini, hukumu yake ni kama ya matawi. Nilikuwa nasomesha kwa raha, sauti imepanda.

Kijana mmoja akanyosha mkono. Ni mjukuu wa jirani yangu huyo, miaka kumi na mitatu, mpole, ila ana ila moja iliyokuwa ikiniudhi: Ijumaa hachelewi kuchelewa. Nilikwisha kumsimamisha mbele ya wenzake kwa ajili hiyo, si mara moja.

"Maalim," akasema, "na usipopita hewani wala chini ya ardhi? Ukitambaa juu ya ardhi, kama ule wa kidimbwini?"

"Unatambaa kwenda wapi?"

"Kwetu."

Vijana wakatazama vitabu vyao kwa bidii ambayo sijapata kuiona. Nikasema suala zuri, tutalirudia, nikafunga kitabu kabla ya wakati.

Jioni hiyo nilibisha hodi kwa jirani. Nilikuwa sijaingia uani kwake tangu siku za eda yake. Alinikaribisha kwa heshima, akaita mjukuu alete kiti. Nikamwomba nione shamba. Akasita, kisha akatangulia.

Upande wote wa ua wa makuti, kiasi cha thuluthi ya shamba, ulikuwa wa mmea wangu. Ulikuwa umepita chini ya makuti, ukapanda juu ya matuta, ukafunika. Palipokuwa na mrihani paliota vile viua vya manjano, vizuri kabisa kama vya kwangu. Mashina ya asumini yalikuwa yamezingirwa hadi magotini mwa mtu. Pembeni palikuwa na jembe dogo na gunia, na matuta mawili yaliyosafishwa siku chache nyuma. Juu yake vichipukizi vilikuwa vimeanza upya.

Nikamuuliza tangu lini. Akasema tangu masika ya mwaka juzi. Nikamuuliza nani anayeng'oa. Akasema yeye mgongo haumruhusu tena, hung'oa mjukuu, siku ya Ijumaa kwa kuwa siku hiyo hutoka skuli mapema. Hapo nikajua kijana alikuwa wapi kila Ijumaa niliyomsimamisha.

"Mama," nikasema, "kwa nini hukuniambia?"

Alinyamaza kidogo, akarekebisha mtandio wake. "Shehe wangu, watu wakigombania mipaka wanakuja kwako. Mimi nikigombana na wewe, niende kwa nani?"

Nimekaa mbele ya watu wengi katika miaka hii. Nimeambiwa maneno makali na wenye hasira, nikayajibu. Hili halikuwa kali wala halikuwa na hasira, nami sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeihesabu ile miaka ishirini kuwa ni amani. Kumbe miwili ya mwisho ilikuwa ni mtu kunistahi.

Nikamwambia nitamlipa thamani ya mrihani uliopotea. Akakataa, akasema mrihani hauna hesabu, unachumwa na unaota. Nikasema basi kesho nitawaleta vijana wa madrasa, kwa wingi wao watapasafisha kabla ya adhuhuri. Hapo uso wake ukabadilika.

"Watoto wa watu waache wasome. Huyu wangu amechoka kwa jambo hili, wa wenzangu wasichoke. Kama ni kung'oa, njoo wewe." Kisha, kana kwamba ameona ametia chumvi nyingi, akaongeza, "Na ukipenda, maji ya kidimbwi chako nipitishie mfereji. Kaskazi mrihani wangu unakufa kwa kiu, na huko kwako samaki wanayaogelea bure."

Sulhu ikafungwa kwa masharti hayo mawili. Nimesuluhisha watu kwa masharti mabaya zaidi. Kuhusu maji, mtu mmoja aliniuliza baadaye kama inafaa kumwagilia kwa maji yaliyokwisha kutumika kwa udhu. Inafaa, maji hayo ni tohara, ila tu hatawadhi nayo mtu mara ya pili. Na mrihani haujalalamika.

Kazi ya kung'oa nilidhani ni ya siku mbili. Siku ya kwanza nilikuja na panga, nikafyeka kwa nguvu zote, nikakusanya lundo la kunifika kifuani, nikalitupa kando ya mtaro wa barabara. Ikanyesha mvua wiki ile. Baada ya siku kumi shamba lilikuwa limechipua kuliko kwanza, na kando ya mtaro vilikuwa vimeshika vikonyo kwa safu, kana kwamba nimevipanda kwa makusudi. Nilikuwa nimezidisha dhara mara mbili: kwa jirani na kwa njia ya watu.

Nikampelekea kikonyo mtu mwenye elimu ya kilimo. Alikigeuza mkononi mara moja tu. Aliniambia watunza bustani huuita wedelia, na vitabu vya mimea huuita Sphagneticola trilobata. Kwao ni Amerika ya joto: Meksiko, visiwa vya Karibi, na kuteremka hadi kusini. Umetolewa huko na watu, kwa uzuri wake na kwa sifa ile ile iliyonivutia mimi ya kufunika ardhi upesi, ukatapakaa katika nchi za joto na visiwa vya bahari ya Pasifiki. Shirika la kimataifa la uhifadhi wa maumbile, IUCN, limeutia katika orodha yake ya viumbe mia moja vivamizi vilivyo vibaya zaidi duniani. Orodha hiyo hiyo ina magugu-maji yaliyoziba Ziwa Viktoria. Nilipokuwa bado natafakari hilo, akanikumbusha mathenge ya Tana River. Nayo ililetwa kwa nia njema, kuzuia jangwa na kutoa kuni, na leo wafugaji wa huko wanaijua kwa miiba yake na kwa malisho iliyoyameza.

Jambo moja alilonieleza limenikaa zaidi. Mmea huu hauenei sana kwa mbegu. Huenda kwa vikonyo, na kila kipande chenye kifundo kimoja ni mmea kamili uliokuwa ukingoja ardhi. Maana yake, hauvuki bahari wala hauhami mji kwa miguu yake. Hubebwa na mkono wa mtu, na mara nyingi mkono huo unatoa zawadi. Nikazikumbuka nyumba zangu tisa.

Alinifundisha na njia ya kuuondoa, nami nawapa kama nilivyopewa. Usifyeke. Ngoja ardhi ilowane, kisha uinue kwa uma wa shamba, ufuate kila utambaa hadi mwisho wake, utoe vifundo vyote na mizizi yake. Usitupe jaani wala mtaroni, na usiulaze juu ya udongo. Utandaze juu ya mabati juani hadi ukivunja uvunjike kama kijiti kikavu. Hapo ndipo uchome. Kisha rudi wiki ijayo, na wiki inayofuata, kwa kuwa lazima kiko kilichobaki. Aliyenao ndani ya chungu, au katika kijibustani kilichozungushiwa saruji pande zote, haimlazimu kuung'oa, mradi anapoupogoa vikonyo avikaushe namna hiyo hiyo.

Basi huu ni mwezi wa tatu. Kila baada ya sala ya alfajiri, siku tatu kwa wiki, naingia kwa jirani kwa mlango wa nje, mjukuu wake akiwapo, nachimbua. Siku za mwanzo alikuwa hatoki ndani. Siku hizi hukaa kizingitini na sinia lake la maua, ananielekeza. "Hapo nyuma yako, shehe. Hapo. Umekipita." Macho yake ni mazuri kuliko mgongo wake, na ana raha, nafikiri, ya kumwona mtu aliyezoea kuelekeza akielekezwa. Mama watoto naye alikuja siku moja kutazama. Hakusema neno juu ya kile kitu kisichoomba maji. Alinipa chai tu, akatabasamu kwa namna anayoijua yeye.

Kijana nilimwomba radhi mbele ya darasa, kwa kuwa nilimsimamisha mbele ya darasa. Aliona haya kuliko mimi. Akasema, "Haidhuru, maalim," na tukaendelea na mlango uliofuata.

Zile nyumba tisa nimezizunguka zote. Sita wamekubali kuung'oa, na wawili kati yao walikuwa wamekwisha kukosana na majirani zao juu yake. Mmoja nilimkuta ameutia katika chungu cha saruji juu ya sakafu. Nikamwambia audhibiti humo humo. Mmoja alinikasirikia: nilimpa kitu kizuri, ukingo wa nyumba yake umependeza, leo namwambia akichome. Nilimwacha, nitarudi. Wa tisa aliniambia kwamba alikwisha kumpelekea binti yake aliyeolewa Mombasa, na binti naye amewagawia wenzake. Huko sijafika. Ikiwa wewe ni mmoja wao, na mmea huo ulikufikia kwa mikono mitatu au minne, mkono wa kwanza ni huu unaoandika. Nisamehe, na uuangalie ua wako leo, upande wa nje, anakoishi mwenzako.

Ukingo wa kidimbwi hivi sasa hautazamiki. Nimeung'oa mmea kwanza upande wa jirani, kisha wa kwangu, na mchanga umebaki uchi. Nimeupanga mawe ya matumbawe yaliyobaki nilipojenga, nimezungusha kamba, na mtoto mkubwa mmoja huwekwa zamu pale wakati wa udhu. Baina ya mawe nimepanda mikindu minane, miche aliyoniletea mzee mmoja kutoka kando ya mto Sabaki. Mkindu ni mwenyeji wetu, hupenda miguu yake iwe karibu na maji, na kina mama wakisubiri watapata ukindu wa mikeka. Lakini unakua polepole. Nimeambiwa nisubiri miaka kadhaa kabla ya kuona mizizi yake ikishika kitu cha maana. Vitatu kati ya vinane vimekwisha kunyauka, na wageni sasa nawapitisha barazani moja kwa moja.

Mfereji tuliumaliza wiki jana, bomba la inchi moja na nusu lililopita chini ya ua wa makuti, mahali pale pale mmea ulipopitia. Maji yalipotokea upande wa pili jirani alipiga kigelegele kimoja, kisha akajiziba mdomo kwa mtandio alipokumbuka nipo.

Ijumaa, baada ya darasa, nilikuwa nakusanya vitabu niliposikia naitwa kutoka upande wa kidimbwini. Alikuwa yule kijana, amechutama baina ya mawe, kidole chake kinaonyesha majani mawili yanayong'aa, makubwa kama ukucha.

"Maalim, huku kuna kingine."

Nikaacha vitabu, nikaenda kuutwaa uma.